Mapuleng Wawili

Jumatatu ilikuwa siku ya watu wa presha na sukari katika zahanati ya Phororong, na Jumatatu ile walikuwa wamefika sitini na tatu kabla jua halijagusa kizingiti. Nesi Nyakallo Phafoli aliwahesabu kwa macho kupitia dirisha. Walikuwa wamejitanda mablanketi mpaka puani, wengine mabenchini, wengine wameegemea ukuta wa upande wa jua, na mvuke ukiwatoka vinywani. Akajua leo hata chai hataionja. Mwenzake wa zamu alikuwa amepiga simu kuwa anaumwa. Mkuu wa zahanati, Mama Moliehi, alikuwa chumba cha pili na mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Waliobaki wote walikuwa wake.

Ili kazi iende haraka, alikuwa amefunga dawa jana yake jioni, kila mgonjwa na kifuko chake cha plastiki, na jina juu yake kwa kalamu. Jina tu. Kijiji hakukiandika, wala namba ya kadi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na alitaka kwenda kulala.

Saa mbili na nusu aliingia Mapuleng Tlali wa Ha Tumo, mama wa miaka sabini na mmoja, mrefu, mkavu, amevaa kanzu nyeupe ya kanisa lake chini ya blanketi, mkononi fimbo nyembamba ya kanisa yenye kitambaa cha kijani. Yeye na Nyakallo walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi. Nyakallo alimfunga mkanda wa kipimo mkononi, akaujaza hewa, akatazama namba. Mia moja tisini na nne kwa mia moja na nane.

"Mama, vidonge ulimeza lini mara ya mwisho?"

"Juzi."

"Juzi ipi? Hii ya juzi, au ile ya mwezi wa tatu?"

Waliokuwa karibu na mlango wakacheka. Mapuleng hakucheka.

"Mwanangu, dawa yako inanikojoza. Nikiwa kwenye maombi nitatoka mara ngapi?"

"Afadhali utoke kwenye maombi ukakojoe kuliko utolewe umebebwa. Presha haipigi hodi, mama. Hutasikia maumivu wala nini, mpaka siku mdomo uende upande na mkono ukatae kushika kijiko. Unataka mkweo akulishe kama kitoto?"

Mapuleng alivuta blanketi. "Halafu wiki hii tumefunga. Tangu jana mchana sijatia kitu mdomoni isipokuwa maji. Tunafungua kesho jioni."

"Vidonge si chakula. Na maji si unakunywa? Basi leo utameza hapahapa nikuone."

Akachukua kifuko chenye jina la Mapuleng Tlali, akamimina vidonge viwili kwenye kiganja cha yule mama, akamwekea kikombe cha maji. Mapuleng akavitazama.

"Vimekuwa vidogo."

"Viwanda hubadilisha. Meza, mama, watu wananingoja."

Akameza. Akafungua mdomo kuonyesha kuwa ameshameza, kwa kejeli kidogo, akakitia kifuko kifuani, akatoka. Ha Tumo ilikuwa mwendo wa saa mbili kupanda. Nyakallo alikuwa ameshaita anayefuata.

Saa tano kasorobo, mlango ukasukumwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa Mapuleng Tlali mwingine, wa hapohapo Phororong, mwanamke mnene, mfuma masweta, anayeijua sukari yake mwaka wa kumi na mbili sasa. Alikuja saa moja asubuhi, wa kwanza kabisa, akachukua dawa akaenda zake.

"Nesi, hivi ni vya nani?" Akatupa kifuko mezani. "Nimeketi na uji wangu wa mtama, namimina vidonge, naona wageni. Mimi vidonge vyangu navijua kama ninavyowajua wajukuu zangu, hata gizani."

"Umemeza?"

"Nimeze kitu nisichokijua? Mimi bado nina akili."

Nyakallo alikishika kifuko. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya presha. Kwa muda mfupi hakuelewa anatazama nini, kisha akaelewa yote kwa mara moja. Kama vya presha viko hapa, basi vya sukari vimepanda mlima. Viwili vimo tumboni mwa mama ambaye hana sukari, ambaye hajala tangu jana, na ni yeye mwenyewe Nyakallo aliyesimama juu yake mpaka akameza.

Dawa ile kazi yake ni kuteremsha sukari ya damu. Haiulizi kama mtu anayo ya ziada. Mzee mwenye tumbo tupu, tena aliyepanda mlima kwa miguu, inaweza kumshusha mpaka ubongo ukose cha kutumia, na haimwachi upesi. Humrudia hata kesho yake.

Alitafuta faili, akakuta namba ya mkwe wa Mapuleng, Relebohile. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaenda kwenye mlango wa chumba cha pili, akamweleza Mama Moliehi kwa maneno machache, sauti ya chini. Mama Moliehi alikuwa na glavu mikononi na mtoto alikuwa anakaribia kutoka.

"Saa ngapi alimeza?"

"Mbili na nusu."

"Mungu wangu. Nenda. Chukua chupa zote za sukari ya mshipani, chukua kipimo. Mimi nitaita gari la wilayani lije lingoje hapa." Kisha akamvuta karibu, akamnong'oneza sikioni. "Na huko juu usiseme sana. Sema dawa zimeharibika, umekuja kuzibadilisha. Unanisikia? Neno moja tu linaweza kukumaliza."

"Nimesikia."

Nje, Baba Ramosoeu, aliyekuja kwa ajili ya goti na presha, alikuwa amemfunga farasi wake kwenye nguzo ya uzio. Nyakallo alimwendea moja kwa moja.

"Baba, niazime farasi. Kuna mtu anaweza kufa Ha Tumo."

Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Wewe mtoto wa mjini Maseru, unajua kupanda?"

"Nilijua nikiwa mdogo."

"Basi usimvute mdomo. Huyu ana adabu kuliko wanangu, njia anaijua. Wewe kaa tu juu yake na umwache afanye kazi."

Akapanda, mkoba mgongoni, na mfuko wa sukari wa kwenye kabati la chai ndani ya koti.

Njia ya Ha Tumo inapanda kwa kujipindapinda, mawe upande mmoja na korongo upande wa pili. Barafu ilikuwa haijayeyuka penye kivuli. Farasi aliteleza mara mbili, na mara zote mbili Nyakallo alilala shingoni mwake akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alitazama chini korongoni, akitafuta kitu cheupe. Kila jiwe jeupe lilimshtua. Njiani alikuwa anajaribisha maneno: dawa zimeharibika, nimekuja kubadilisha. Dawa zimeharibika, nimekuja kubadilisha. Kadiri alivyoyarudia ndivyo yalivyozidi kumwia mepesi mdomoni, na hilo nalo likamtia hofu.

Nusu ya njia alikutana na wanawake wawili wakishuka na kuni kichwani.

"Mmemwona Mama Mapuleng?"

"Tumempita pale kisimani," mmoja alisema. "Alikuwa ameketi. Tukamwamkia, kimya. Tukasema aa, huyu amefunga, hataki maneno."

"Alikuwaje?"

Wakatazamana. "Alikuwa kama mtu aliyechoka," alisema wa pili. "Kwani kuna nini, Nesi?"

Aliwapisha wapite. Alimpiga farasi visigino. Kisimani hapakuwa na mtu. Palikuwa na fimbo tu, ile fimbo nyembamba ya kanisa yenye kitambaa cha kijani, imelala katikati ya njia. Nyakallo aliita jina mara tatu na mlima ukamrudishia mara tatu. Alitazama chini korongoni kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kisha akaendelea kupanda.

Relebohile alikuwa uani anaanika nguo zilizoganda kama mbao. Alipomwona nesi juu ya farasi wa watu aliziacha zikaanguka.

"Mama mkwe yuko wapi?"

"Amefika, mbona. Kama saa moja iliyopita. Amepita tu, ameenda juu kwenye zizi la zamani, kwenye maombi. Nesi, hata blanketi amelitupa hapa, anasema anasikia joto. Joto, mwezi wa sita! Na mimi ameniita Masechaba. Masechaba ni dada yake, alikwishakufa."

"Nipeleke. Kimbia."

Walisikia kuimba kabla hawajaona watu. Ndani ya zizi la mawe lisilo na ng'ombe tena, watu kama thelathini wenye kanzu nyeupe walikuwa wanazunguka kwa miguu mitupu, wanapiga ardhi kwa visigino, na katikati yao Mapuleng alikuwa amepiga magoti. Mwili wote ulimtetemeka. Wengine pumzi zilikuwa zinawatoka kama moshi kwa baridi, lakini yeye uso ulikuwa unachuruzika jasho na kanzu imemganda mgongoni. Midomo ilikuwa inacheza, maneno hayaeleweki. Na watu walikuwa wanafurahi. Wimbo ulikuwa unapanda kwa ajili yake.

Mtu mrefu mwenye mkanda wa kijani alijitokeza getini. Huyo alikuwa Baba Ntsane, kiongozi wao.

"Dada, hapa viatu vinavuliwa."

Nyakallo alivua viatu palepale, akakanyaga barafu. "Baba, nimemfuata Mama Mapuleng. Vidonge alivyochukua asubuhi vimeharibika. Nimekuja kuvibadilisha."

"Vidonge vitangoja amina."

"Haviwezi kungoja."

"Dada." Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza tu. "Mama huyu amesali nasi miaka thelathini, hajawahi kutembelewa na Roho hivi. Leo anasemeshwa. Wewe unataka niingie katikati niseme kuna mambo ya vidonge?"

Nyuma yake Mapuleng aliyumba, akashika ardhi kwa mkono mmoja. Wimbo ukapanda zaidi. Nyakallo alifungua mdomo kurudia yale maneno yake na hayakutoka. Yalikuwa hayana uzito wowote mbele ya wimbo ule.

"Baba, hasemeshwi," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka walio karibu wakageuka. "Anakufa. Ni mimi. Asubuhi nimempa dawa ya mtu mwingine. Nimempa dawa ya sukari, yeye hana sukari, na aliniambia amefunga, nikamwambia ameze. Nilisimama mbele yake mpaka akameza. Hilo jasho ni dawa yangu. Niacheni nipite."

Wimbo ulikatika vipandevipande, kwanza waliosikia, kisha waliobaki. Relebohile alishika mdomo. Baba Ntsane alimtazama Nyakallo kwa namna ambayo hatakuja kuisahau, kisha akasogea pembeni.

Nyakallo alimchoma Mapuleng ncha ya kidole, akapata tone la damu. Kipimo kilisoma moja nukta tisa. Chini ya nne ni hatari. Chini ya mbili alikuwa hajawahi kuona kwa mtu ambaye bado anaweza kupiga magoti.

"Maji, haraka!" Akakoroga sukari kwa kidole ndani ya kikombe cha bati, vijiko vinne, vitano, akakileta mdomoni. "Mama, kunywa."

Mapuleng alinusa, akafunga midomo. Macho hayakuwa yanamtazama mtu yeyote, lakini kichwa kilisema hapana, hapana, hapana.

"Mama, kunywa, tafadhali."

"Nimefunga," alisema, maneno yakiburutana kama ya mlevi. Meno akayakaza.

Baba Ntsane alipiga magoti kwenye samadi kavu, akamshika mashavu kwa viganja viwili. "Mapuleng. Ni mimi. Mimi niliyetangaza mfungo ndiye ninayekufungulia. Huvunji kitu. Fungua mdomo, mama yangu, kunywa."

Alikunywa. Funda la kwanza, la pili, la tatu. La nne likamwagika kidevuni, macho yakapanda juu, na mwili ukalegea wote kwa mara moja.

"Mnyweshe tena!" mtu alipiga kelele.

"Hapana! Asinyweshwe tena, atapaliwa, maji yatamwingia mapafuni! Mlazeni kwa ubavu. Blanketi! Nyie wengine rudini nyuma, nahitaji mwanga."

Mkono wa Mapuleng ulikuwa baridi, mishipa imejificha. Nyakallo alifunga mpira juu ya kiwiko, akapiga ngozi kwa vidole, akaingiza sindano. Hakuna kitu. Akaitoa. Nyuma yake mwanamke mmoja alianza kulia na mwingine akamnyamazisha. Nyakallo alikivuta kiganja cha Mapuleng kinywani mwake, akakipumulia pumzi ya moto, mara nyingi, kama mtu anayewasha moto wa kinyesi cha ng'ombe, mpaka mshipa mmoja mwembamba ukajitokeza nyuma ya mkono. Akaingiza. Damu ikarudi kwenye mrija.

"Relebohile, shika mkono huu usitikisike hata kidogo."

Alisukuma ile sukari ya mshipani polepole, kwa sababu ikienda haraka mshipa ule ungepasuka. Chupa ya kwanza ikaisha. Alianza ya pili, na katikati yake kope zikacheza.

"Mbona mmenizunguka hivi?" Mapuleng alisema, sauti kavu. "Mmeshanizika?"

Zizi zima likapumua. Baadhi walicheka, wengine walilia, Baba Ntsane akageuka ukutani. Mapuleng alilamba midomo. Akailamba tena. Akajua ni sukari, na uso ukamkunjamana.

"Nani amenilisha?"

"Mama," Nyakallo alisema, "sikiliza. Asubuhi nilikupa dawa isiyo yako. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Imekushusha sukari, ndiyo maana tumekupa hii."

Mapuleng akageuza kichwa kumtazama.

"Nilikuambia vimekuwa vidogo," alisema.

Nyakallo akamchoma tena kidole, apime.

Kazi ilikuwa haijaisha. Dawa bado ilikuwa ndani, na itakuwa ndani usiku kucha. Walimlisha ugali na mboga kutoka jikoni kwa Relebohile, kijiko baada ya kijiko, kisha wakampakia juu ya farasi wa Baba Ramosoeu, mwanamume mmoja kila upande, Baba Ntsane akishika hatamu na Nyakallo nyuma akishika kipimo. Pale kisimani jasho lilianza tena. Mbili nukta nane. Wakamteremsha, Nyakallo akampa chupa ya tatu akiwa amelala juu ya mablanketi ya watu sita. Ilibaki moja. Kutoka pale mpaka Phororong Nyakallo alipima kila baada ya nusu saa.

Gari la wilayani lilikuwa linanguruma uwanjani. Nyakallo alipanda nalo pamoja na Mapuleng, akakaa hospitalini kando ya kitanda mpaka asubuhi, na mara mbili kengele ya mashine ya dripu ilipolia ndiye aliyesimama wa kwanza. Siku ya tatu Mapuleng aliruhusiwa, akili zake timamu, akigombana na wapishi wa wodi kuhusu chumvi.

Mama Moliehi alikuwa ameandaa karatasi ya taarifa, nusu ameshaijaza. *Mgonjwa alichukua kifuko kisicho chake.*

"Ukisaini hivi, yamekwisha," alisema. "Ni msaada nakupa. Mimi ndiye niliyekuacha peke yako na watu sitini, unafikiri sijui?"

Nyakallo alisoma, akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: *Nilimpa mimi, nikamsimamia ameze. Aliniambia amefunga. Aliniambia vidonge vimekuwa vidogo. Sikumsikiliza.* Mama Moliehi akachukua kalamu, akaongeza chini kwa mwandiko wake: siku hiyo muuguzi alikuwa mmoja. Wakasaini wote wawili.

Barua ya onyo ilikuja baada ya wiki mbili, pamoja na amri kwamba Nyakallo asigawe dawa kwa miezi mitatu bila mtu wa pili kukagua. Familia ya Tlali ilikuja na Baba Ntsane, wakaketi, wakasema yao kwa saa nzima, na yalikuwa mazito. Mapuleng wa Phororong, yule wa sukari, alikuwa anatangaza kila anakokwenda kwamba yeye ndiye aliyeokoa maisha ya jina lake, na kwa kweli hapakuwa na wa kumbishia.

Mwezi uliofuata Mapuleng wa Ha Tumo aliteremka na Relebohile. Uwanja ulikuwa umejaa. Foleni ya Nyakallo ilikuwa na watu kumi na mmoja, ya Mama Moliehi ishirini na saba. Mapuleng alizitazama zote mbili, akaenda kusimama mwisho wa ile ndefu.

Nyakallo alitoka nje, akamwendea, akapiga goti kidogo kumwamkia. Mama alimpa mkono.

"Sina kinyongo na wewe, mwanangu," alisema, bila kupunguza sauti, watu wote wakisikia. "Ulikuja juu kwa farasi wa mtu, ukavua viatu, ukasema kweli mbele ya watu. Hilo nimeliona. Lakini nikikaa mbele yako sasa hivi na unimiminie vidonge, koo litakataa. Labda mwaka huu, labda mwakani. Usiniharakishe."

"Sitakuharakisha, mama."

"Na vya presha nameza kila siku. Nakojoa kama ng'ombe, lakini nameza."

Relebohile akacheka kwa pua. Nyakallo naye akatabasamu, akashukuru, akarudi ndani. Kupitia dirisha aliweza kuiona ile kanzu nyeupe ikisogea hatua kwa hatua na foleni, mpaka saa nane mchana, ilipofika zamu yake kwa Mama Moliehi. Mia moja arobaini na sita kwa themanini na nane. Mama Moliehi aliisoma namba kwa sauti kubwa, ili isikike mpaka chumba alichokuwamo Nyakallo.